Kinga ya Chanjo Hudumu Muda Gani? Neno kwa Wafanya Kazi wa Hospitali za Kisii na Nyamira

Ndugu wafanya kazi wa hospitali, vituo vya afya na dispensari,

Liko jambo moja ambalo katika mikutano yetu hutajwa mara chache, nalo lagusa uhai wetu kuliko hata mshahara. Mshahara ukichelewa twaudai, na mwisho hulipwa. Bali ini likiharibika hakuna mapatano ya kulirudisha. Jambo lenyewe ni hili: chanjo tulizochanjwa kwa ajili ya kazi yetu, kinga yake hudumu muda gani, na ni nani mwenye wajibu wa kuuhesabu muda huo?

Wengi wetu hujibu upesi. Mmoja husema, "Mimi nilichanjwa zamani, nimekwisha maliza." Mwingine husema, "Chanjo zote huisha nguvu, afadhali tuchanjwe kila mwaka." Wote wawili wamekosa, na kosa la kila mmoja lina hasara yake. Wa kwanza huingia wodini bila ngao akidhani anayo. Wa pili hupigwa sindano asizozihitaji, na dawa ambayo ingemlinda mwenzake ikaishia mkononi mwake.

Maoni yetu katika ukurasa huu ni ya kwamba kinga ni chombo cha kazi, kama glavu, kama buti, kama koti. Kila chombo kina umri wake. Na kwa kuwa ni chombo cha kazi, kukitoa, kukihesabu na kukibadilisha kwa wakati wake ni juu ya tajiri, awe ni kaunti, awe ni misheni, awe ni mwenye kliniki ya binafsi. Si juu ya mfuko wa mfanya kazi.

MPISHI WA MERCA NA MPIGA PICHA WA BIRMINGHAM

Tuanze na ndui, maana chanjo ya ndui ndiyo mama wa chanjo zote, tangu daktari Mwingereza Edward Jenner alipoijaribu mwaka 1796. Ndui imekwisha duniani, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo mwaka 1980. Lakini tazameni watu wawili wa mwisho walioingia katika habari zake.

Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu Msomali, Ali Maow Maalin, wa mji wa Merca, mwezi wa Oktoba 1977. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mpishi wa hospitali. Gari lilifika na wagonjwa wawili wa ndui, dereva akauliza njia, naye akapanda kumwonyesha. Safari hiyo fupi ilitosha. Tena alikuwa amepata kufanya kazi ya kuchanja watu, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Kwa bahati alipona, akaishi hata mwaka 2013, na katika miaka yake ya mwisho aliwahimiza wazazi wa Somalia wachanje watoto wao dhidi ya polio.

Mwaka uliofuata, 1978, ndui ilitokea katika mji wa Birmingham, Uingereza, ambako chuo cha udaktari kilikuwa na maabara ya ugonjwa huo. Aliyepatwa ni Janet Parker, mpiga picha wa chuo hicho, ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya maabara. Huyu alikuwa amechanjwa. Lakini alichanjwa mwaka 1966, miaka kumi na miwili kabla, na tangu hapo hakurudiwa. Alikufa tarehe 11 Septemba 1978, na ndiye mtu wa mwisho duniani kufa kwa ndui.

Basi, ndugu, hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, ugonjwa hauulizi cheo. Mpishi na mpiga picha hawamo katika orodha ya wale tuwaitao "wahudumu wa afya", na ndio waliopatwa. La pili, kuchanjwa si kitu kimoja na kuwa na kinga leo. Yatupasa kuuliza tulichanjwa chanjo gani, na lini.

KILA CHANJO NA UMRI WAKE

Kabla hatujadai neno kwa tajiri, tuelewe kwanza mambo yaendavyo mwilini. Chanjo hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuleta askari katika damu, ambao hungoja adui mlangoni. Askari hawa hupungua kadiri miezi inavyopita, na jambo hilo ni la kawaida. Kazi ya pili ni kuweka kumbukumbu. Mwili huweka picha ya adui, na siku adui akija tena, mwili hutoa amri ya kuandika askari wapya.

Sasa, kama kumbukumbu peke yake yatosha au haitoshi, hutegemea mwendo wa ugonjwa. Ugonjwa ujao polepole humpa mwenye kumbukumbu nafasi ya kukusanya jeshi. Ugonjwa ujao mbio humkuta jeshi lingali kambini. Hiyo ni sababu kubwa kwa nini chanjo moja hulinda miaka thelathini na nyingine hupungua katika miezi sita.

Tazameni mifano. Chanjo ya homa ya manjano, ile ambayo msafiri hudaiwa cheti chake mpakani, zamani ilirudiwa kila miaka kumi. Mwaka 2013 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikubaliana ya kwamba dozi moja yatosha kwa maisha kwa watu walio wengi, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho hakina mwisho. Chanjo ya mafua makali hurudiwa kila mwaka, maana ugonjwa wenyewe hubadilisha sura kila mwaka. Pepopunda huhitaji kurudiwa ili kinga isiishe, na nchi nyingi huhesabu miaka kumi kwa mtu mzima. Na jirani zetu wa Homa Bay, ambako chanjo ya malaria ilianzishwa nchini Kenya mwezi wa Septemba 2019, waliambiwa tangu mwanzo ya kwamba mtoto atapewa dozi nne, ya mwisho akiwa na miaka miwili, kwa kuwa kinga yake hupungua.

Tena liko kovu la BCG, lile tulilo nalo wengi wetu katika mkono wa kushoto tangu uchanga. Mfanya kazi asilitegemee kovu hilo katika wodi ya kifua kikuu. Chanjo hiyo humlinda sana mtoto mdogo na kifua kikuu kikali cha ubongo na cha mwili mzima, lakini ulinzi wake kwa mtu mzima ni hafifu. Kwa kifua kikuu, ngao yetu ni madirisha yaliyo wazi, barakoa zinazofaa, na mgonjwa kupimwa na kutibiwa mapema.

INI: HAPA NDIPO PENYE HATARI KUBWA

Kwa sisi tunaoshika sindano, damu, mashuka na maiti, chanjo iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya homa ya ini aina ya B. Virusi vyake hukaa hai katika damu iliyokauka juu ya meza kwa siku saba au zaidi. Mfanya kazi asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi hivyo, hatari yake ya kuambukizwa ni kutoka 6 hata 30 katika kila 100, kwa kadiri virusi vilivyo vingi katika damu ya mgonjwa huyo. Linganisheni na UKIMWI, ambao hatari yake kwa sindano kama hiyo ni kama 3 katika kila 1,000. Twaogopa sana ule ulio mdogo, na huu mkubwa twaupita kama mti wa njiani! Na wala huu mkubwa si ugonjwa wa wiki mbili. Kwa wengine hukaa mwilini miaka mingi kimya, kisha huleta kunyauka kwa ini au saratani.

Habari njema ni ya kwamba dawa ya kuuzuia ipo na ni nzuri. Dozi ni tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Katika watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 40, zaidi ya 90 katika kila 100 hupata kinga kamili wakimaliza dozi zote tatu. Baada ya umri huo hesabu hushuka, na kwa wenye miaka 60 ni kama 75 tu. Kwa hiyo anayengoja kuchanjwa mpaka karibu na kustaafu amejipunguzia nafasi mwenyewe, au tajiri amempunguzia.

Na kinga hiyo hudumu muda gani? Hapa twaweza kusema kwa uhakika. Huko Alaska, Marekani, wenyeji walichanjwa mwaka 1981, wakafuatwa miaka 30. Mwisho wa miaka hiyo, nusu yao walikuwa bado na askari wa kutosha katika damu, yaani kipimo cha 10 au zaidi. Walio chini ya kipimo hicho walipewa dozi moja ya kuwajaribu, na karibu tisa katika kila kumi miongoni mwao miili yao ilikumbuka mara moja. Kwa jumla, 90 katika kila 100 au zaidi walionyesha ya kwamba bado wana ulinzi. Sababu ni ile tuliyokwisha kueleza. Homa ya ini B huja polepole, huchukua kutoka mwezi mmoja hata miezi sita kabla ya kudhihirika, na kumbukumbu ya mwili hupata nafasi ya kuamka.

Kwa hiyo mfanya kazi mwenye afya aliyemaliza dozi tatu, akapimwa akaonekana amepata kinga, hahitaji sindano ya kila mwaka, wala ya kila miaka mitano. Hilo twalisema waziwazi, hata kama wako wanachama watakaoona ni kama twapunguza madai. Hatupunguzi. Twayapeleka madai mahali pake.

Mahali pake ni wapi? Ni pawili. Kwanza, kumaliza. Dozi moja si chanjo, na dozi mbili si chanjo kamili. Mtu hupigwa ya kwanza siku ya sherehe, maafisa wamekuja na picha zimepigwa, na mwezi wa sita hakuna anayemkumbuka. Pili, kupimwa. Kipimo hiki hufanywa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, mara moja tu. Hicho ndicho kiambiacho mtu kama yumo katika wale 90 na zaidi waliopata kinga, au katika wale wachache ambao miili yao haikuitikia. Asiyeitikia hurudiwa dozi tatu nyingine, na wengi huitikia mara hiyo ya pili. Asipoitikia tena, ajue ya kwamba ulinzi wake ni mikono yake na sanduku la sindano, na akichomwa lazima akimbilie matibabu bila kungoja. Kipimo kikikosa kufanywa katika muda huo kikafanywa miaka kumi baadaye, jibu lake huwa gumu kusoma, maana askari wachache wakati huo hawaonyeshi kama mtu hakupata kinga kamwe au aliipata na kumbukumbu ingalipo.

Wazee na vijana kazini hawako sawa pia. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwishoni mwa mwaka 2001, ikiwa ndani ya ile chanjo ya pamoja ya magonjwa matano. Aliyezaliwa mwaka 2003 na kumaliza chanjo zake za kliniki, leo ameingia kazini akiwa na mwanzo mzuri, hata kama askari wake wamepungua. Yeye aweza kupewa dozi moja na kupimwa. Bali sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukupata kitu utotoni, na wengine huenda walikwisha kuambukizwa zamani pasipo kujua. Kwa hiyo apimwe kwanza kabla ya kuchanjwa. Akionekana ana virusi, hiyo ni siri yake na daktari wake. Apelekwe kutibiwa, wala asifukuzwe wala asinyanyapaliwe. Chama kisimame imara hapo, maana pasipo ahadi hiyo hakuna atakayekubali kupimwa.

KORONA: KINGA YA MBIO

Sasa tuje kwenye korona, ambayo yatufundisha upande wa pili. Dozi za kwanza, milioni moja na zaidi kidogo, zilifika Nairobi mwanzoni mwa Machi 2021, na kuchanja kukaanza tarehe 5 Machi. Wahudumu wa afya waliwekwa mstari wa mbele. Dozi ya pili ilipangwa kufuata baada ya majuma kadhaa. Lakini India, ambako dawa hiyo ilitengenezwa, ilibanwa na ugonjwa kwake ikazuia kuuza nje, na watu wakangoja.

Na wakati wa kungoja huo huo ugonjwa ulikuja kwetu. Tarehe 18 Juni 2021 Serikali iliweka kaunti 13 za magharibi katika amri kali, na Kisii na Nyamira zote mbili zilikuwamo. Watu walitakiwa wawe nyumbani tangu saa moja ya jioni hata saa kumi ya alfajiri. Ilikuwa ni aina ile ya virusi iitwayo Delta, ambayo nchini Kenya ilikuwa imeonekana kwanza Kisumu mwezi wa Mei. Wodi zilipojaa, mfanya kazi wa Keroka, Ogembo, Keumbu au Ekerenyo hakuwa na nafasi ya kuuliza dozi yake moja imembakizia nini.

Jibu lilitolewa na wafanya kazi wenzetu wa nchi nyingine waliojitoa kupimwa. Uingereza walifuata zaidi ya wafanya kazi 35,000 wa hospitali. Habari zao zilizotolewa Februari 1922 + 100, yaani 2022, zilionyesha ya kwamba dozi mbili za Pfizer zilipunguza kuambukizwa kwa asilimia 85 katika majuma kumi ya kwanza, na baada ya miezi sita na nusu hivi ulinzi ulishuka hata 51. Hiyo ilikuwa kabla ya aina ya Omicron, ambayo ilikuja kuupunguza zaidi. Lakini waliokwisha kuugua kisha wakachanjwa, ulinzi wao ulibaki juu ya 90 zaidi ya mwaka mmoja. Afrika ya Kusini, kuanzia Februari 2021, karibu wahudumu laki tano walipewa dozi moja ya Johnson & Johnson katika kazi iliyoitwa Sisonke. Dozi hiyo ilizuia vifo kwa asilimia 83, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo wakaanza kupewa ya pili.

Twaona basi ya kwamba kinga ya korona ni ya namna mbili. Ile ya kuzuia kuambukizwa hupungua upesi, katika miezi, maana virusi hivi huja mbio na askari wa mlangoni wamepungua. Ile ya kuzuia kufa hudumu zaidi, maana kumbukumbu huwahi kabla mambo hayajaharibika. Aliyesema "nilichanjwa na bado niliugua, basi chanjo ni uwongo" hakutofautisha mambo haya mawili.

Tena hali haiko sawa kila mahali. Nchini kwetu, kati ya Julai na Desemba 2020, kabla ya chanjo kufika, wahudumu 684 wa kaunti tatu walipimwa damu. Nairobi, karibu 44 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuguswa na korona. Busia na Kilifi, kama 12 tu. Wafanya kazi wa nchi moja, kazi moja, mwaka mmoja, na damu zao zatofautiana hivyo. Kwa hiyo ratiba ya kurudia chanjo haifai kubandikwa ukutani na kusahauliwa. Hali ya hatari ya dunia ilitangazwa kuisha tarehe 5 Mei 2023, lakini mapema mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limewaweka wahudumu wa mstari wa mbele miongoni mwa watu wa kutangulizwa katika dozi za kurudia. Dharura kuisha si sababu ya sisi kufutwa katika hesabu.

KADI AU POSHO?

Wako wenzetu watakaosema, "Haya yote ni mazuri, lakini sisi twataka posho ya hatari iongezwe." Nasi twaitaka. Lakini tusikubali posho iwe bei ya ini. Tajiri akilipa fedha kidogo kila mwezi, kisha asikuchanje, amenunua hatari yako kwa bei rahisi sana. Wauguzi na maafisa wa kliniki walipogoma tangu tarehe 7 Desemba 2020, pamoja na mishahara walidai vifaa vya kujikinga na bima. Huo ulikuwa mpango mzuri wa madai, na chanjo yafaa iandikwe pamoja na hayo, kwa jina lake na kwa tarehe zake.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe usalama, afya na hali njema ya watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Imesema watu wote. Haikusema madaktari peke yao. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yatambua pia magonjwa yaletwayo na kazi. Lakini fidia yataka ushahidi. Mfanya kazi asiye na kadi, aliyechomwa sindano mwaka fulani bila kuandikishwa, atathibitishaje ya kwamba ugonjwa wake ulitoka kazini?

Tena fikirini faida ya kadi saa nane ya usiku. Muuguzi amechomwa. Kama kadi yasema dozi tatu na kipimo juu ya 10, kwa upande wa ini hahitaji kitu, na mawazo yote yaelekezwe kwenye dawa za kuzuia UKIMWI, ambazo lazima zianzwe upesi, zisipite saa 72. Kama kadi yasema hajachanjwa, aanzwe chanjo kabla ya saa 24 kupita. Kama hakuna kadi, watu husimama wakiulizana na saa zapita. Karatasi ndogo tu, nayo yaweza kuamua.

Kwa hiyo twapendekeza matawi yote ya Kisii na Nyamira yapeleke madai haya matano kwa matajiri:

1. Kila mfanya kazi apewe kadi ya chanjo ya kazi, na nakala yake ikae katika faili. Akihamishwa kutoka Nyamira kwenda Kisii, au kutoka hospitali kubwa kwenda dispensari, faili imfuate.

2. Chanjo ya homa ya ini B ianze katika mwezi wa kwanza wa kazi, kwa gharama ya tajiri, na awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo ambaye kazi yake ni kuwaita watu kwa dozi ya pili na ya tatu. Kipimo kifanywe mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho.

3. Orodha iwe ya watu wote walio chini ya paa la hospitali: mfagiaji, mfuaji, mpishi, dereva, mhudumu wa chumba cha maiti, mchoma taka, askari wa mlangoni, kibarua wa mkataba, mwanafunzi wa KMTC aliye wodini, na mhudumu wa afya wa kijamii anayetembea vijijini. Mfagiaji hukutana na sindano iliyotupwa ovyo kabla ya daktari yeyote.

4. Kwa chanjo zipunguazo upesi, kama korona na mafua, tajiri atangaze kila mwaka ni akina nani wanaohitaji kurudiwa na kwa nini, na dozi zitolewe saa za kazi, karibu na kazi. Mtu wa dispensari ya mbali asilipe nauli ya matatu ili akachanjwe kwa ajili ya kazi ya tajiri.

5. Hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ya jibu la kipimo. Na aliye na shaka juu ya chanjo aelezwe na mtu anayejua, kwa heshima, mpaka aelewe. Amri na vitisho huzaa kadi za uwongo.

Tajiri atajibu ya kwamba fedha hazipo. Sisi twamjibu kwa hesabu yake mwenyewe. Dozi tatu na kipimo kimoja hulipwa mara moja, na hulinda miaka thelathini. Dawa za ini lililoambukizwa humezwa kila siku, kwa wengi maisha yao yote, na mfanya kazi mgonjwa hukosekana kazini wakati mshahara wake unaendelea. Tena hatumdai sindano za kila mwaka kwa kila kitu. Twadai zile zitakiwazo, kwa wakati wake, na zikamilike. Madai yaliyopimwa hivi ni vigumu kuyakataa, na hiyo ndiyo faida ya kujua jambo kabla ya kulidai.

Lakini upande wetu pia tuna kazi. Wahenga walisema mganga hajigangi, na kweli twamwambia mama mchanga asikose tarehe ya kliniki ya mtoto wake, twamkaripia akichelewa juma moja, nasi wenyewe hatujui tarehe ya dozi yetu ya mwisho. Katika mkutano ujao wa kila tawi, kabla ya kusoma habari za mishahara, mwenyekiti aombe kila mtu aje na kadi yake, au aseme wazi kwamba hana. Karani aandike hesabu tatu tu bila majina: waliomaliza dozi tatu na kupimwa, waliomaliza bila kupimwa, na wasiomaliza. Hesabu hizo zipelekwe ofisi ya chama kabla ya mwisho wa mwezi. Tukienda kwa tajiri tukiwa nazo mkononi, hataweza kutuambia ya kwamba tunapiga kelele.

Umoja ni nguvu.